Kufuli na Jirani

Kila kitu chenye thamani kina maadui wawili: wakati na mwizi. Wakati hula polepole, nao hauna dawa. Mwizi hula kwa ghafula, na tangu kale watu wamemtafutia dawa. Wazee wetu walikuwa na dawa za namna mbili, na lugha yetu imezihifadhi hata leo katika maneno mawili. Kago ni dawa iliyotundikwa shambani au mtini ili kila apitaye aione na aogope. Fingo ni dawa iliyofukiwa ardhini, kizingitini au penye mpaka, isiyoonekana na mtu ila yule aliyeifukia. Mimi si mtu wa dawa hizo, wala sina haja hapa ya kuzisifu au kuzikashifu. Nazitaja kwa sababu siku nilipopata gari langu la kwanza nilijikuta katikati ya hoja ile ile ya zamani: kinga imfaayo mwenye mali ni ile inayoonekana na watu, au ni ile iliyofichwa? Nilidhani swali hili ni la chuma na waya, nikalipeleka kwa fundi. Jibu lake nililipata kwa jirani yangu, na kwa mzee mmoja wa Kisiwani.

Kisiwani ni kwetu. Jina hilo humchekesha mgeni, maana hapana bahari wala ziwa. Kijiji kiko chini ya Milima ya Upare Kusini, upande wa mashariki, katika njia itokayo Same kwenda Gonja na Ndungu. Nyuma yetu ni milima yenye misitu na ukungu. Mbele yetu ni nyika kavu ya Mkomazi, iendayo hata mpaka wa Kenya. Maji hushuka kutoka milimani, na pale yapitapo pana migomba na miembe yenye vivuli vizito. Mtu atokaye katika vumbi la nyikani akaviona vivuli vile hana haja ya kuelezwa kwa nini mahali pale paitwe kisiwa.

Nilifika huko jioni moja ya mwezi wa Desemba, wakati ambapo Wapare waliotawanyika mijini hurudi makwao. Nilisimamisha gari chini ya mwembe wa baba mkubwa. Kwa mazoea ya mjini, kabla sijamsalimu mtu, nilitoa kufuli langu chini ya kiti, chuma chekundu chenye urefu wa mkono, nikalifunga usukani. Nikabonyeza kitufe, gari likalia mara moja, na taa ndogo nyekundu ikaanza kukonyeza nyuma ya kioo. Watoto walisogea kuitazama. Ndipo nilipoinua macho nikamwona baba mkubwa amesimama, mkongojo mkononi, akinitazama tangu mwanzo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Habari za njiani?"

"Njema, baba mkubwa."

"Chuma hicho ni cha nini?"

"Ni kufuli, baba mkubwa. La kuzuia wezi."

Mzee alitazama upande wa jiko, ambako mama mkubwa alikuwa akipukuchua mahindi. Akatazama watoto. Akamtazama jirani aliyekuwa akipita na jembe begani, akamsalimu kwa jina lake na jina la baba yake. Kisha akanigeukia.

"Hapa," akasema, "unamfungia nani?"

Sikuwa na jibu. Na kama ningekuwa nalo lisingekuwa la kusemwa mbele ya watu waliokuja kunilaki. Lakini swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia, maana nilikuwa nimelibeba tangu mwezi wa Agosti, kwa sababu ambayo sasa nitaieleza.

Nilikwisha kupita miaka arobaini kabla sijamiliki motokaa, au gari kama tusemavyo siku hizi. Shahada yangu ya uzamivu ilikaa kabatini miaka kadhaa, nami nikiendelea kuning'inia mlangoni mwa basi. Hatimaye, kwa akiba na mkopo wa miezi arobaini na minane, nikanunua gari jipya. Nasema jipya kwa maana ya kwetu. Gari jipya kwetu aghalabu ni lile lililokwisha tumika Japani miaka kumi au zaidi, likavuka bahari, likashushwa bandarini Dar es Salaam, likapewa namba ya nchi hii. Upya wake umo katika kibao cha namba, na watu huusoma katika herufi ya kwanza ifuatayo tarakimu. Mwenye herufi E siku hizi hutazamwa kwa jicho ambalo mwenye herufi A amekwisha lisahau. Tatizo ni kwamba mwizi naye alikwenda shule. Naye anajua kusoma herufi hiyo.

Kwa hiyo fundi alinishauri nilivike gari langu silaha kabla halijalala nje usiku mmoja. Namba yake ikachongwa katika vioo vyote na katika taa. Vioo vya pembeni, ambavyo mafundi huviita saiti mira, vikapigwa ribiti. Ikafungwa ving'ora miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, pamoja na ile taa ya kukonyeza. Juu ya yote hayo likaja kufuli jekundu la usukani. Gharama ilikula sehemu nzuri ya mshahara wa mwezi. Sisi Wapare hutaniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku; siku ile nilimdhihirishia fundi kwamba utani huo una mizizi. Lakini nililala usingizi mzuri, na usingizi pia una bei yake.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa mji. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba yangu haina ua wa kutosha gari. Magari ya majirani kadhaa hulala katika uwanja mmoja wa wazi wenye mchanga, chini ya mkungu mkubwa. Jirani wa gari langu lilikuwa gari la mama mmoja mjane, muuguzi mstaafu: gari kuukuu la herufi B, ambalo kijana wake alilifanyia teksi. Riziki ya nyumba ile ilitoka katika gari lile, asubuhi kwa asubuhi.

Usiku mmoja wa Agosti wezi walikuja. King'ora changu hakikulia. Mlinzi wa mtaa alikuwa mwisho mwingine wa njia. Kulipokucha tulikuta gari la yule mama halina saiti mira, halina taa za mbele, halina betri, wala halina kile kisanduku kiongozacho injini, ambacho mafundi hukiita kontroboksi. Lilikuwa limesimama kama mtu aliyeng'olewa macho na moyo. Langu halikuguswa hata kwa ukucha.

Watu walikusanyika, wengine wakanipongeza. Mimi nilitazama chini, maana mchanga ulikuwa mkavu na nyayo zilikuwa dhahiri. Watu wawili walikuwa wametoka kichochoroni. Walikuja kwanza kwenye mlango wangu. Walisimama pale bega kwa bega, kwa muda, kwa kuwa mchanga ulikuwa umekanyagwa sana. Nadhani walilitazama kufuli, wakaiona taa, wakasoma namba iliyochongwa katika kioo. Kisha waligeuka. Nilihesabu nyayo zao kutoka mlango wangu hadi mlango wa yule mama. Zilikuwa hatua saba.

Yule mama alikuja akanishika mkono. "Mshukuru Mungu, mwalimu," akaniambia, "lako limenusurika." Alisema kwa moyo safi, bila kijembe. Laiti angenitukana, ningepata la kujitetea.

Gari langu lilikuwa na bima kubwa. Lau wangelimaliza lote, ningelipwa. Lake lilikuwa na bima ndogo, ile ilipayo madhara yawapatayo watu wengine tu, na haimlipi mwenye gari hata skrubu moja. Basi msiba ulimwacha aliyekuwa na bega la kuubeba, ukamtua asiyekuwa nalo. Gari lile lilikaa chini ya mkungu miezi miwili, na kijana akakaa barazani miezi miwili. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini nilimpungia mkono, naye akanipungia.

Mtu wa chuo akiumia hukimbilia vitabu. Nilisoma mambo ambayo si ya fani yangu, nikakuta kwamba swali langu limekwisha ulizwa na wengine, na majibu yao yanastahili kuelezwa kwa ukamilifu.

Kwanza tulitendee haki kufuli. Kufuli la usukani halimshindi mwizi kwa nguvu. Duara la usukani ndani yake ni chuma chembamba kilichovikwa mpira au ngozi. Mwenye msumeno hukata duara lenyewe akalichomoa kufuli likiwa zima. Uwezo wa kufuli ni kumwongezea mwizi dakika na kelele, na kumwambia hayo mapema, kabla hajavunja kioo. Mwizi mpita njia, ambaye hakuja kwa ajili ya gari lako hasa, husikia neno hilo akaondoka. Mwizi aliyetumwa, mwenye vyombo vyake na gari la kukokota, hulisikia akatabasamu. Na mwizi wa tatu, yule aliyenakili ufunguo wako mahali ulipouacha kwa imani, hana habari na kufuli, kwa kuwa pengine na ufunguo wake anao. Basi kinga inayoonekana yamfaa sana mwenye gari mbele ya mwizi wa kwanza, yamfaa kidogo mbele ya wa pili, wala haimfai mbele ya wa tatu. Na kwa kuwa wezi wa kwanza ndio wengi, faida yake si ndogo. Hata viwanda vikubwa vimekiri hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 wezi wa Marekani waligundua kwamba magari mengi ya Kia na Hyundai yaliuzwa huko bila kile chombo kizuiacho injini isiwake pasipo ufunguo wake halisi, na hila ya kuyaiba ikaenea kwa picha katika intaneti. Kampuni hizo zilirekebisha programu za magari, lakini pamoja na hayo ziligawa makufuli ya usukani, na vibandiko vya kubandika dirishani ili mwizi asome kabla hajavunja. Katika zama za kompyuta, kago lilirudi mtini.

Lakini mwizi aliyeondoka kwenye gari langu alikwenda wapi? Hapa ndipo nilipokutana na habari za nchi mbili. Ujerumani ya Magharibi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitoa amri ya kufuli la usukani, lile lijengwalo ndani ya nguzo ya usukani, na amri hiyo ikayahusu magari yote, mapya na makuukuu. Wizi wa magari ukashuka. Uingereza nayo ikaweka kufuli hilo mwaka 1971, lakini kwa magari mapya tu. Watafiti wa serikali yao walitoa hesabu mwaka 1976. Katika London, mwaka 1969, magari mapya yalikuwa kama moja katika kila matano yaliyochukuliwa. Kufikia mwaka 1973 yalikuwa kama moja katika kila ishirini. Mwenye gari jipya aliyesoma habari hiyo bila shaka alifurahi. Lakini jumla ya magari yaliyochukuliwa haikupungua kwa kadiri hiyo, kwa sababu wezi waliyageukia makuukuu.

Niliposoma hayo niliona mchanga wa uwanja wetu na nyayo zake. Kufuli lilikuwa lile lile katika nchi zote mbili. Katika nchi ya kwanza kila mtu alikuwa nalo, mwizi akakosa pa kwenda. Katika nchi ya pili walikuwa nalo wenye magari mapya, mwizi akatembea hatua saba.

Kisha nikasoma habari za fingo. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, tangu mwaka 1986, palianza kuuzwa chombo kidogo kiitwacho LoJack, kinachofichwa ndani ya gari. Gari likiibwa, chombo hutoa mlio wa redio ambao polisi huufuata hadi lilipo. Nje ya gari hapana alama yoyote ionyeshayo kwamba chombo kimo. Mwaka 1998 wanauchumi wawili, Ian Ayres na Steven Levitt, walichapisha uchunguzi wao, wakaonyesha kwamba katika miji ambamo chombo hicho kilienea wizi wa magari ulishuka kwa jumla, hata kwa wale wasiokuwa nacho. Mwizi asiyejua ni gari lipi lenye fingo huyaogopa yote. Wakahesabu kwamba mwenye kununua chombo hupata chini ya moja ya kumi ya faida yake; sehemu iliyobaki huwafikia watu wasiomjua, nao hawajui kumshukuru. Ndiyo maana wanunuzi hawakuwa wengi. Binadamu ni mwepesi kununua kinga itakayompeleka mwizi kwa jirani, na ni mzito kununua kinga itakayomlinda na jirani pia.

Nilikuwa nimejua yote hayo kwa kichwa wakati baba mkubwa aliponiuliza namfungia nani. Nilichokuwa sijakijua ni la kufanya.

Kesho yake asubuhi alinichukua twende shambani. Shamba lake liko upande wa nyikani, na mahindi yalikuwa machanga. Mkomazi ulikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na tembo wake hawajui kusoma mipaka. Kiangazi kinapobana, au mahindi yanapoanza kunukia, huja usiku. Nilikuta kamba ndefu imefungwa kutoka mti hadi mti, imetundikwa makopo matupu na vitambaa vyeusi vilivyopakwa oili chafu na pilipili. Upepo ulipopita makopo yaligongana.

"Na wewe unamfungia nani, baba mkubwa?" nikamwuliza, nikicheka.

Naye alicheka, kisha akaketi juu ya gogo. "Mwaka wa kwanza," akasema, "nilitundika peke yangu. Nilikuwa na makopo, nikayaweka kulizunguka shamba langu. Tembo walikuja, wakasikia kelele, wakasimama. Nami nimo kibandani, nawasikia wanavyopumua. Kisha wakaondoka. Nikasema, Mungu mkubwa. Asubuhi nikaona walipokwenda." Alinyosha mkongojo kulionyesha shamba la chini yake. "Hawakumwachia hata bua. Na ni mimi niliyewapeleka."

"Akasemaje?"

"Alikuja kunipa pole ya kukesha."

Tulinyamaza. Makopo yaligongana.

"Mwaka uliofuata," akaendelea, "tulikusanya makopo ya kijiji. Kamba ni moja, yaanza shamba la kwanza huko juu, yaishia la mwisho. Asiye na kamba tulimpa kamba. Kila usiku watu wawili hukesha kwa zamu, kwa sababu tembo si mjinga, mwanangu. Kopo lisilo na mtu nyuma yake hulizoea kwa siku chache tu, akalivuka kama aruke kijito. Hulikimbia kopo akijua kwamba kopo likilia mtu huamka."

Nilimwuliza kama sasa wamepona. Akasema hapana: kuna usiku kamba hukatwa, kuna mwaka hula. "Lakini tukilia twalia pamoja," akasema, "na msiba wa wengi una wasaa kuliko msiba wa mmoja." Kisha, nisije nikadhani kwamba Kisiwani ni pepo, akaniarifu kwamba mwaka uliopita kijana mmoja wa jirani aliibiwa pikipiki mlangoni pake mchana kweupe. "Hapa pia wapo wezi. Sikukuuliza ili uone haya. Nilitaka kujua kama unamjua unayemfungia."

Mzee yule hakusoma habari za Ujerumani wala za Massachusetts. Lakini katika maneno yake nilipata kitu ambacho vitabu vilikuwa vimenipa vipande vipande. Kinga inayoonekana ni neno, na kila neno lahitaji msemaji nyuma yake. King'ora cha gari mjini kilikuwa na maana zamani. Kilipolia watu walitoka. Kisha kikalia kwa paka, kikalia kwa mvua, kikalia kwa lori lililopita, hata watu wakajifunza kugeuza shavu la pili juu ya mto. Leo kikilia, kila mtu husema moyoni kwamba mwenyewe atakizima. Mwizi alilitambua hilo kabla yetu.

Na kuna neno jingine ambalo sikumwambia baba mkubwa, nami nalikiri hapa. Mwezi mmoja baada ya kulinunua gari, kabla ya usiku wa Agosti, niligonga saiti mira ya kushoto katika nguzo ya lango, ikavunjika. Nilikwenda kwenye maduka ya vipuri, nikatajiwa bei ya kipya, nikashtuka. Kijana mmoja akaniambia ana kilichotumika, kwa bei ya robo. Nilikipokea, nikaona pembeni mwa kioo doa la mkwaruzo, mahali ambapo pengine palikuwa na namba iliyochongwa. Sikuuliza. Nilimlipa, naye hakuandika risiti. Fundi akakifunga, akakipiga ribiti, akachonga namba yangu juu ya doa. Mimi niliyemlaani mwizi nilikuwa mteja wake, na mahali fulani mjini palikuwa na mtu aliyeamka akakuta gari lake halina jicho la kushoto.

Hivyo niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya moyo: kwamba sitanunua tena kipuri kisicho na risiti, hata kama bei yake ni ya kutupa. Namba iliyochongwa katika kioo hailindi kitu iwapo wanunuzi tumekubali kutoiona. Ya pili ilikuwa ya uwanja wetu. Niliwaita majirani wenye magari chini ya mkungu, nikawaeleza habari za nyayo, ambazo sikuwa nimemwambia mtu. Yule mama mjane alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Nilizijua, mwalimu. Nami nilihesabu." Sijapata kusikia maneno yaliyonipunguzia kimo kama hayo, wala msamaha ulio mkubwa kuliko huo.

Tulikubaliana kufanya kama watu wa kamba moja. Fundi aliletwa siku moja, akachonga namba katika vioo na taa za magari yote, makuukuu kwa mapya, kwa bei ya jumla. Asiyekuwa nazo alikopeshwa na wenzake. Kila gari likawekwa pia swichi ya siri, ambayo isipoguswa injini haiwaki, na mahali pake hapana ajuaye ila mwenye gari. Hivyo kago na fingo vilikaa pamoja: kago likiwa juu ya wote, fingo likiwa ndani ya kila mmoja. Taa ikatundikwa juu ya mkungu, kibanda cha mlinzi kikahamishiwa chini yake, na tukawekeana ahadi kwamba king'ora kikilia, la nani lisiwe swali, atakayesikia atatoka. Mara mbili tangu hapo tumetoka usiku sote na kanga na mashuka, tukamkuta paka. Tulicheka, tukarudi kulala. Sitaki kutangaza ushindi, maana mwaka haujatimia, na za mwizi ni arobaini lakini hazihesabiwi na mwenye mali.

Kazi ya tatu ilikuwa ndogo. Nililipia kontroboksi ya gari la yule mama, mpya, yenye risiti. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia kwamba ni deni la hatua saba, akanyamaza, akaipokea.

Basi, msomaji uliyenunua gari jipya, ukiniuliza kama chuma kinachoonekana kitakusaidia, nakujibu kwamba ndiyo, kitakusaidia. Lifunge kufuli lako, ichonge namba yako, iache taa ikonyeze. Lakini ujue kwamba mwizi aliyesoma kufuli lako hakutubu. Amegeuza uso tu, na kuna mtu upande aliougeuzia. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga yao ilikuwa kijinga cha moto, nami ni mwalimu wa lugha na nayajua maneno yaliyofanana sauti. Lakini najipa ruhusa ya kuwaazima methali yao kwa kinga hii nyingine.

Siku nilipoondoka Kisiwani, baba mkubwa alinisindikiza hadi garini. Wajukuu wake walikuwa wamejaa ndani, mmoja ameshika usukani, akivunja mbuga kwa mdomo. Mzee aliwatoa mmoja mmoja kwa mkongojo.

"Kumbe lina kazi," akasema, akilielekeza macho kufuli langu lililolala chini ya kiti. "Ukija tena, lifunge. Sasa ninajua unamfungia nani."

Mpaka leo nalifunga kila usiku. Nikimaliza, kabla sijaingia ndani, natembea hatua saba, nalitazama gari la jirani yangu kama nalo limefungwa.